Programu ya kutafuta nyota mu labo ya maji: uchambuzi wa kisa kimoja cha Goma

Majina ya watu, ya masomo na ya mashirika nimetoa yote, na vitu vingine vidogo vyenye vingefanya mutu ajulikane nimevibadilisha. Mengine yote ni vile yalitokea. Naandika juu nilikuwa ndani yake, mimi njo nilikuwa mutu wa fizikia mu hii kisa, na makosa mingi yenye mutasoma hapa ni yangu.

Mahali na kazi yenyewe

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kisima mu lava ni kazi ngumu na ya pesa mingi, mito karibu haiko, basi mji muzima unakunywa ziwa Kivu. Kwenye bomba inafika, maji yake inatoka ziwani. Kwenye haifike, watu wanashuka na bidoni ku ziwa ama wananunua kwa wale wenye kusukuma maji ku chukudu za mbao. Lava ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 iliharibu mabomba, sehemu kubwa ya mji ikabaki bila maji, na watu wengi zaidi wakarudia ziwa. Kolera hapa haiko habari ya kusoma mu kitabu, wazee wanakumbuka 1994, vile iliuwa maelfu na maelfu ya watu mu wiki chache. Njo maana pembeni ya ziwa kunakuwaka watu wa kloru, mutu anaweka bidoni chini, wanatia dawa na siringi, anasubiri nusu saa, anaenda nayo nyumbani.

Labo yenye nazungumzia inapimaka maji ya mahali kama hizo. Kazi yao, kwa kifupi: wanapitisha mililita 100 ya maji mu filtri ya duara yenye upana wa milimita 47, matundu yake ni mikromita 0.45, basi mikrobi inabaki juu. Ile filtri wanailaza juu ya karatasi nzito yenye imelowa chakula ya mikrobi, wanafunga sahani, wanaweka mu inkubateri ku digrii 44 usiku muzima. Asubuhi kila mikrobi yenye ilibaki hai imekuwa kikundi, unaona kadoa. Kadoa ka manjano unahesabu, juu njo kolifomu zenye zinaonyesha maji ilichafuliwa na mavi. Kwa maji ya kunywa, namba yenye inakubaliwa ni 0 mu mililita 100. Siyo 1, siyo 2. Muishike hiyo 0, tutairudilia.

Mwenye kuhesabu ni mama mumoja, nitamuita Mama wa labo. Amefanya hii kazi miaka mingi, anahesabu na jicho na kalamu, kistari kwa kila kadoa. Wakati wa mvua sahani zinakuwa mingi, anamaliza siku macho imemuuma.

Mimi nilikuwa asistani wa fizikia. Memwari yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, niliifanya na picha za teleskopu, zile zenye mutu yeyote anaweza kuchukua bule ku intaneti. Kuhesabu nyota mu picha haikuhitaji niandike programu mupya, kuko SExtractor, Emmanuel Bertin na Stéphane Arnouts waliitoa mu 1996, na wanaastronomia dunia nzima wanaitumikisha. Inafanya kazi kwa hatua: inakadiria kwanza mwangaza wa mbingu nyuma ya nyota, inautoa, kisha inatafuta pikseli (vipande vidogo sana vyenye vinajenga picha) zenye zinapita kiwango fulani, zenye zinagusana inazifanya kitu kimoja, na kama inaona vitu mbili vimeshikana inajaribu kuvitenganisha. Kuko tena maktaba, ni kusema mukusanyiko wa programu zenye zimeshaandikwa, mu luga ya kompyuta ya Python, jina lake sep, yenye imebeba zile hatua, unaziita ndani ya skripti yako mwenyewe, ile programu fupi yenye unajiandikia. Haiombi intaneti, inatembea ku mashini ya zamani. Kwa Goma hiyo ni kitu kubwa, juu mega za intaneti ni bei na umeme unakatika.

Mambo ilivyoenda

Siku moja nilipita ku hiyo labo kumutafuta shefu wao kwa habari ingine kabisa. Nikaona sahani ku meza, zimepangwa, kila moja na tudoa twake, na kusema kweli moyo uliruka. Ilikuwa picha ya mbingu! Duara, tudoa, tungine tukubwa tungine tudogo, tungine tumeshikana kama nyota mbili mbili. Nikamuambia shefu, hii kazi niko nayo tayari mu mashini yangu. Akafurahi sana. Mama wa labo alikuwa anaosha vyombo pale pembeni, akageuka akaniuliza:

«Papa asistani, hiyo mashini itajua ile ya kuhesabu na ile ya kuacha?»

Nikamujibu, «Ndiyo Mama, haina shida, kuko kiwango cha kuweka.»

Sikuwa nimeelewa swali. Nilifikiri anazungumzia tudoa tudogo na tukubwa. Nimeanza na hilo jibu juu yote yenye ilifuata iko ndani yake.

Juma iliyofuata nikapiga picha na simu yangu, nikazigeuza nyeusi na nyeupe, nikapindua rangi ili madoa ing'ae kama nyota, nikaweka mu skripti ya memwari yangu vile ilikuwa. Sahani ya kwanza Mama alikuwa amehesabu 37, programu ikasema 112. Tukafungua picha tukaona nini imehesabiwa: filtri ina mistari ya viboksi yenye imechapwa juu yake ili jicho lisipotee, na programu imekata ile mistari vipande vipande na kila kipande kimekuwa nyota. Herufi za kalamu pembeni nazo nyota, maji maji yenye inametameta chini ya taa nayo nyota. Nikapandisha kiwango, nikakataa vitu virefu virefu, nikaendelea kukaza mpaka namba ikafika 39. Nilifurahi. Nikatia ku flashi, nikamupa stajeri wa labo, kijana mwenye alikuwa anajifunza kazi pale, nikamuonyesha namna ya kuifungua, nikaenda.

Kwa juma mbili sikusikia kitu, na mimi nikachukua kimya kama sifa. Kumbe mu labo vitu vilikuwa vinaanza kuachana. Sahani zenye madoa manene programu ilikuwa inatoa namba ndogo mno, mara moja ilisema 6 na Mama ameona zaidi ya 20. Sahani moja Mama aliandika 0, programu ikatoa 14. Stajeri, kijana muzuri tena mwenye bidii, alifikiri mashini haichokake na mama amezeeka, basi akaanza kuandika mu rejista namba ya programu. Simulaumu hata kidogo. Mimi njo nilikuwa nimewaambia haina shida.

Kisha ikafika ile siku. Asubuhi stajeri alitumia kundi la watu wa ziwa orodha ya sahani za jana, mu WhatsApp, kama kawaida. Mahali pamoja pa kuchotea maji paliandikwa 0. Saa sita Mama wa labo akafungua simu, akasoma, akasimama. Ile sahani yeye mwenyewe aliitoa mu inkubateri, na aliikumbuka juu ilikuwa manjano yote, tudoa haikuonekana hata kamoja kamoja, filtri nzima ilikuwa imefunikwa. Akamupigia simu mukubwa wa watu wa kloru mbele ya kumuambia hata shefu wake. Pale ziwani walikuwa wameisoma ile 0 lakini dozi walikuwa hawajapunguza bado. Kisha akanipigia mimi. Hakunikaripia. Aliniambia tu, «Mwanangu, kuja uone hii sifuri yako.»

Ile sifuri ilitoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, juu njo kiini cha kisa.

Maktaba ya sep inaweka mu kumbukumbu pikseli zote zenye zinapita kiwango na zenye bado haijamaliza kuzipanga mu vitu. Ile nafasi iko na mupaka, mwanzoni imewekwa pikseli 300,000. Picha ya nyota kawaida haifikake pale, mbingu sehemu kubwa ni giza. Lakini picha ya simu ya pikseli milioni 12, ya sahani yenye imejaa manjano toka ku mwisho huu mpaka ku ule, inajaza ile nafasi mara moja, na maktaba inasimama inatoa onyo kwamba nafasi imejaa. Inafanya vizuri kabisa! Imesema wazi kwamba haikuweza.

Skripti yangu njo ilinyamazisha. Wakati wa memwari nilikuwa napitisha picha mamia usiku, na sikutaka picha moja mubaya isimamishe zingine, basi nikaandika: kama kuna shida yoyote, andika 0, endelea na picha inayofuata. Mu kazi yangu 0 ilimaanisha «hapa sikupata kitu, ruka». Picha moja mu mamia, nani ataiona. Mu kazi ya Mama wa labo 0 inamaanisha «hii maji mutoto anaweza kukunywa».

Namba moja, maana mbili, na skripti ilivuka toka nyumba moja kuingia ingine bila mutu kuuliza. Tena angalia namna ilivyo mubaya: ile onyo inatokea wakati sahani imejaa sana. Kwa hiyo maji chafu kupita yote njo yenye ingeandikwa kuwa safi. Haikukuwa kosa ya bahati nasibu yenye inaweza kuanguka huku ama kule, ilikuwa inaelekea upande mumoja, upande wa hatari.

Ile shida ya madoa manene nayo ilikuwa ya aina hiyo. Ili kukadiria mbingu ya nyuma, sep inakata picha mu viboksi vya pikseli 64 kwa 64, hiyo ni hesabu yenye inakuja nayo kama hujagusa kitu, na inafaa mu astronomia juu nyota inakuwaka ndogo sana mbele ya kiboksi. Sasa picha zetu: filtri ya milimita 47 ilikuwa inachukua karibu pikseli 3,000. Piga hesabu, ni pikseli 64 kwa milimita moja. Kiboksi kimoja, milimita moja! Na doa la mikrobi liko milimita moja, moja na nusu, mbili. Programu ilikuwa inaangalia katikati ya doa, inasema «hii njo mbingu», inalitoa. Doa kubwa lilikuwa linapotea juu ni kubwa.

Na kile kiwango chenye nilijivunia mbele ya Mama, kinapimwa kwa kelele ya picha, ile kutetemeka kwa pikseli kwenye hakuna kitu. Teleskopu inakuletea mwangaza karibu vile uliingia, basi kelele iko na maana. Simu haiko vile, inaupikaka mwangaza kwanza, inalainisha, inaongeza rangi, inabana faili kuwa JPEG, na kila picha inaipika namna yake. Kelele inakuwa ndogo ya bandia, na kiwango chenye kinaisimamilia kinakuwa hakina musingi.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa shefu na ulichukua dakika tano: programu isiguse tena rejista. Namba ya mukono njo namba. Nilikubali, na leo bado naona ilikuwa sawa, hata kama kwa juma kadhaa Mama alirudilia kuumwa macho.

Wa pili ulikuwa mugumu zaidi: tuitupe ama tuitengeneze? Shefu alitaka kuitupa. Mwenye alikataa ni Mama wa labo, na sababu yake ilikuwa nzito. Alisema yeye anahesabu peke yake, siku anakosea hakuna mwenye anaona, anataka mwenzake wa kumuangalia, hata kama ni mashini, lakini mashini yenye inaonyesha nini imehesabu. Basi tukakaa siku mbili, yeye na mimi, ubavu kwa ubavu, na sikufungua kompyuta siku ya kwanza. Alinifundisha kusoma sahani.

Pale njo nilielewa swali lake la mwanzo. Ile sahani ya 0 na 14: tudoa tulikuwapo kweli, 14 pengine, lakini twa pinki na tungine twa rangi ya maji, na hatuhesabiwake. Ile chakula ya mikrobi iko na rangi ndani, fenoli nyekundu, kolifomu ikila sukari inatoa asidi na rangi inageuka manjano. Kadoa kasiko ka manjano kamekula kingine. Na mimi kitu ya kwanza nilifanya ku picha ni kutoa rangi yote! Nilitupa chenye yeye anaangaliaka, nikabaki na chenye mimi niliangaliaka.

Akaniambia tena kitu chenye hakiko mu skripti yoyote. Manjano haidumu. Sahani ikipoa, rangi inaanza kubadilika, unapaswa kuisoma mu dakika chache kisha ya kuitoa ku moto. Stajeri alikuwa anapiga picha saa ya umeme kurudi, mara ingine mangaribi. Programu ilikuwa inasoma sahani zenye zimeshazeeka.

Siku ya pili nikafungua mashini, na hapa fizikia ilirudi kusaidia kweli. Picha ya simu iko na sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu. Kitu cha pinki kinakula mwangaza wa kijani. Kitu cha manjano kinakula buluu, kijani kinakirudisha. Kwa hiyo ukichukua ile sehemu ya kijani peke yake, doa la manjano linang'aa juu ya uwanja wenye giza, na mistari ya filtri, yenye ni nyeusi, inabaki chini haiinuke. Bila kupindua kitu chochote, ilikuwa mbingu ya usiku. Tuliangalia na Mama ile picha, akaweka kidole ku skrini, akahesabu kwa sauti, akafika namba yake ya asubuhi. Sitasahau.

Vingine nitavisema haraka. Tulitengeneza sanduku ya karatasi nzito, ndani imepakwa nyeupe, taa moja yenye inafunikwa na karatasi ili isimetametishe maji, tundu la simu juu, rangi ya simu imefungwa isijibadilishe yenyewe. Vipimo vya skripti tuliviandika kwa milimita, siyo pikseli, skripti inapima filtri kwanza inajigeuzia yenyewe, na kiboksi cha mbingu lazima kiwe kikubwa mara kadhaa kuliko doa. Picha tunaipunguza mara nne mbele ya kuanza. Kiwango tuliacha kukipima kwa kelele, tuliweka namba moja ya mwangaza, juu sasa taa haibadilike. Na 0 ikapata ulinzi: skripti ikishindwa inaandika HAIJASOMWA, ikiona sehemu kubwa ya filtri inang'aa inaandika MINGI SANA, na 0 inaandikwa tu kama hatua zote zilipita na kweli hakuna doa. Maonyo yote yameandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa. Mbele yalikuwa Kiingereza, na stajeri alikuwa anayafunga tu.

Kitu kimoja cha mwisho mu sehemu hii ni habari ya laisensi. Shirika moja lilisikia, likaja, likataka kuweka programu mu tableti zao na kuifunga, mutu asione ndani. Nilikataa, na sikukataa kwa kiburi. Maktaba ya sep iko chini ya LGPL, laisensi moja ya programu za wazi, unaruhusiwa kuijenga ndani ya kazi yako hata kazi ya kuuza, lakini ile maktaba yenyewe na mabadiliko yenye unaifanyia lazima mwenye kupokea aweze kuyaona na kuyabadilisha. Zaidi ya sheria kulikuwa ile sifuri. Kama skripti yangu ingekuwa imefungwa, Mama angejua tu kwamba namba ni uongo, hakuna mwenye angejua kwa nini. Tuliwapa yote wazi pamoja na sanduku, na hawakurudi tena.

Matokeo

Leo programu ni musomaji wa pili. Mama anahesabu kwanza, anaandika, kisha picha inapigwa, na programu inachora kaduara ku kila kitu imehesabu. Namba mbili zikiachana, mutu wa tatu anaangalia sahani kama bado iko na rangi, ama picha. Rejista inabeba zote mbili. Kuko siku programu iliona kadoa ka manjano pembeni kabisa ya filtri kenye jicho lilipita, na kuko siku ingine, mingi zaidi, Mama ana haki.

Sahani zenye zimejaa bado haizisomi vizuri, na hatujaribu tena, tunapunguza maji: mililita 10 ama 1 kisha kuzidisha, vile labo zilifanyaka hata mbele yangu. Taa ya sanduku ikizimika hakuna picha, kunabaki jicho.

Na kuko kitu kilirudi upande wangu. Sep inatoa, pamoja na kila kitu imepata, alama yenye inasema kama kitu kilikatwa ku mupaka wa picha ama kilikuwa kimeshikana na kingine. Mu memwari yangu ile safu niliifuta, niliiona kama uchafu. Kisha ya hii habari nilifungua tena picha zangu za nyota, nikakuta nilihesabu kama nzima vitu vyenye vilikatwa nusu. Nimeisahihisha, na wanafunzi wangu sasa wanaanza na ile safu.

Uchambuzi

Chenye kilisaidia toka mwanzo mpaka mwisho ni kwamba ndani ya programu kulionekana. Ile mupaka wa pikseli 300,000, viboksi vya 64, vyote viliandikwa mu maelezo na mu kodi, ni kusema mu maandishi ya programu yenyewe, na mutu mumoja Goma mwenye mashini ya zamani aliweza kuvipata bila kumuandikia mutu na bila kulipa. Mambo hii fizikia inaizoea. Web yenyewe ilianza CERN, kituo kikubwa cha fizikia cha Ulaya, mu 1989 kwa kazi ya watu wa fizikia kupashana habari, na tarehe 30 mwezi wa nne 1993 CERN ikaiachilia dunia nzima bule. Ni desturi muzuri na ningependa ikae.

Lakini kuacha mulango wazi haiko sawa na kumusindikiza mugeni. Angalia Geant4, programu ya kuiga namna chembe zinapita ndani ya vitu, ilitoka mu 1998 kwa ajili ya vyombo vikubwa vya fizikia. Leo inasaidia mu mambo ya kansa na picha za ndani ya mwili, lakini mara mingi haikufika pale uchi. Watu wa fizikia ya hospitali walijenga juu yake GATE, yenye inazungumza luga ya vyombo vya hospitali, ili mutu asiandike C++, luga ngumu ya kompyuta, ndipo aige skana. Katikati kulikuwa watu wenye wanajua pande zote mbili na wenye kazi yao ilikuwa ile katikati. Sisi katikati yetu ilikuwa flashi.

Kosa yenye inaniuma zaidi haiko ile ya kodi. Ni kwamba nilimuweka Mama wa labo mu nafasi ya mwenye kupokea. Alikuwa ameuliza swali la kitaalamu kupita yote yenye yaliulizwa mu hii kisa, na nilimujibu kama mutu mwenye anaogopa mashini. Angekuwa profesa wa mikrobiolojia amesimama pale na kanzu nyeupe, ningetoa daftari nikaandika. Tulipoandika ripoti ya kwanza jina lake lilikuwa ku mwisho, mu shukrani, pamoja na mwenye alitupa jenereta. Sasa liko juu, la kwanza, na kuko watu ku masomo walilalamika kwamba haiko na diploma ya kutosha. Namna ya kusoma rangi, dakika za kupoa, nini kihesabiwe nini kiachwe, musingi wote wa ile programu ulitoka kwake, basi jina litabaki pale.

Kosa ya pili: nilirekebisha kiwango juu ya sahani moja. 39 mbele ya 37 ilinifurahisha, kumbe programu ilikuwa imejifunza ile sahani tu. Ilifaa nichukue sahani za kila aina, tupu, zenye pinki tu, zenye zimejaa, na niweke kando zingine zenye sijagusa kabisa za kujaribia. Mu fizikia ningemukatalia mwanafunzi kufanya vile nilifanya.

Kuko mwenye ataniuliza kwa nini sikuanza na ImageJ, na ana haki. Wayne Rasband aliitengeneza ku taasisi za afya za Marekani, kwa picha za biolojia, ni ya bule, inatembea bila intaneti, na kuhesabu madoa inajua. Tena ile ilisafiri njia ya kinyume, wanaastronomia waliichukua wakajenga juu yake AstroImageJ ya kupimia mwangaza wa nyota. Sikuanza nayo juu sikuijua, na sikuijua juu sikuuliza mutu wa biolojia hata mumoja kazi yao wanaifanyaka na nini. Kisha tuliijaribu. Inafanya, na kama tungeanza pale pengine tungefika mapema. Tulibaki na sep juu Mama ameshazoea tuduara twake na skripti inapitisha sahani zote kwa mara moja, lakini sitamudanganya mutu kwamba nyota zilikuwa njia fupi.

Na ile kimya ya juma mbili. Stajeri alikuwa ameona namba hazifanani, Mama alikuwa ameona, hakuna mwenye aliniambia, juu nilipowaachia flashi sikuwaachia njia ya kusema «hapa imekosa». Sasa ku mufuniko wa sanduku kuko karatasi yenye imebandikwa, safu tatu: namba ya sahani, nini umeona, nini programu iliona. Kila siku ya tano naenda kuisoma nikiwa nimeketi na wao, siyo ku simu.

Mwezi uliopita agronomu mumoja wa Bukavu ametuandikia, anataka kuhesabu inzi weupe wenye wanaharibu mihogo, iko na picha za majani, anaomba tumutumie skripti. Nilikuwa tayari nimeanza kuifunga mu faili. Mama wa labo akasema tumuulize kwanza. Tukamuuliza lile swali lake, nini ya kuhesabu na nini ya kuacha, na programu ikishindwa iandike nini. Hakujibu na maneno, alituma picha tatu za majani, mu kila moja amechora misalaba myekundu juu ya vitu vyenye havipaswi kuhesabiwa: maganda yenye inzi ametoka, matone ya maji, vumbi. Misalaba ni mingi kuliko inzi. Skripti hatujamutumia bado, tumeanza na hizo picha.